Mume wa Zamu ya Usiku

Siku ya harusi yetu mjomba wangu alisimama akatuambia kwamba ndoa ni kuvumiliana. Sisi hatukupata hata nafasi ya kuvumiliana, tulikuwa tunapishana tu. Mume wangu alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la saruji, mimi dobi wa hospitali, zamu ya asubuhi. Akiingia yeye, natoka mimi. Tunakutana mlangoni, yeye macho mekundu, mimi mkoba begani, tunapeana habari za watoto na za chakula kilichobaki, basi. Jioni nikirudi namkuta anafunga kamba za viatu. Watu wenye midomo yao walikuwa wakiniuliza watoto wote wale tuliwapataje. Nilikuwa nawajibu kwamba sikukuu zipo.

Wenzake kazini walimwita Bundi. Jina lilimkaa barabara, nami nikalileta nyumbani, ingawa mama mkwe wangu, alipokuwa hai, hakulipenda. Alisema bundi ni ndege wa mkosi, haitwi mtu. Nikamwambia, "Mama, mkosi ni kuolewa na mwanamume ukamjua kwa mkoromo." Akacheka mpaka akashika mbavu, na yule hakuwa mwanamke wa kucheka ovyo.

Tulistaafu mwaka uleule, yeye mwanzoni, mimi mwishoni. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Mchumia gizani hawakusema hulia wapi, lakini mimi nilikuja kujua: hulia jikoni kwangu, mchana kweupe, halafu anasinzia hapohapo kidevu kifuani na kijiko mkononi. Jua likizama anaamka. Anazunguka nyumba nzima na tochi, anatikisa makufuli, anakohoa kile kikohozi cha kuwajulisha wezi kwamba mtu yupo. Nyumba yenyewe ina vyumba vitatu na redio moja mbovu. Mwizi angeingia, angetuonea huruma akatuachia kitu.

Niseme wazi nisije nikaonekana namsingizia. Mimi nilikuwa nimechoka kabla hajastaafu. Nilichoka miaka na miaka. Mikono imechoka kwa sabuni na dawa za madoa, kiuno kimechoka kwa kuinua shuka zilizolowa, masikio yamechoka kwa ngurumo za mashine. Nilitegemea nikiacha kazi uchovu nao utastaafu. Haukustaafu. Ulikaa nami kama mpangaji asiyejua kuhama, na juu yake nikaongezewa mwanamume wa kumruka kila ninapofagia.

Ndipo binti yetu, kifungua mimba, akanipigia simu. Anaishi mbali, anafanya kazi benki, na alikuwa amejifungua pacha.

"Mama, njoo ukae na mimi," alisema. "Si kuja kutembea, nasema kukaa. Mpaka hawa waanze shule."

"Na baba yako?"

"Baba atabaki na nyumba. Si anapenda kulinda?"

Tulicheka, lakini maneno yake yaliniingia. Kwake ningekuwa na chumba changu, kitanda changu, na usiku wa kulala bila tochi kunimulika machoni. Nilimwambia nitampa jibu baada ya safari iliyokuwa mbele yetu, mimi na baba yake. Moyoni nilikuwa nimeshakata kauli kwamba nakwenda. Ndoa kama yetu ikivunjika nani angesikia kishindo? Tungeachana vilevile tulivyoishi, mmoja anatoka, mwingine yumo ndani. Kilichobaki ni kumwambia Bundi, na hilo ndilo nililokuwa nikiliahirisha.

Safari yenyewe ilikuwa zawadi ya kitinda mimba wetu, kijana mwenye moyo mwepesi anayeamini kila tatizo la wazee linaponywa na picha nzuri. Alitulipia twende mji mmoja wa mtoni. "Kuleni samaki pale ukingoni, pandeni boti, ingieni nyumba ya sanaa, tembeeni polepole," alituambia. "Msijifungie chumbani kama mko hospitali." Hatukuwahi kusafiri pamoja ila kwenda kuzika.

Hoteli ilikuwa safi, dirisha letu likitazama mto, maji mapana ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda bila haraka yoyote. Nilikagua shuka kwanza, kazi haitoki mwilini. Zilikuwa nyeupe kupita kiasi. Mtu alikuwa anazimwagia dawa nyingi, mwaka haungeisha kabla hazijachanika. Kitanda kilikuwa kimoja, kikubwa, kimesukumwa ukutani.

Jua lilipozama nikasema nalala. Bundi, kwa heshima tu, akasema naye atajaribu. Tukaenda wote wawili upande uleule, wa ukutani.

"Huo upande wangu," nikasema.

"Huu?" akasema. "Huu upande wangu mimi."

Tukasimama tunatazamana, kila mmoja ameshika kona ya mto uleule wa kulalia. Maisha yetu yote ya ndoa nimelala ukutani. Na yeye vivyo hivyo, mchana, mahali palepale nilipotoka. Hata siku zake za mapumziko alikuwa anakesha sebuleni na redio, mwili haukukubali kulala usiku. Godoro letu nyumbani lina shimo moja tu, na nilidhani ni langu.

Aliniachia. Akakaa kwenye kiti cha dirishani, na kabla sijapotelea usingizini nikasikia mlango unafungwa taratibu sana, kwa ufundi wa mtu aliyezoea kufunga milango ya wengine. Alikwenda kutembea.

Asubuhi ile ya kwanza tulikwenda sokoni kwenye ukingo wa mto. Samaki walikuwa wamepangwa juu ya meza za saruji, wakubwa kwa wadogo, wengine bado wanapiga mkia. Unachagua wako, mama wa samaki anampasua, anampaka chumvi na ndimu, anamlaza juu ya makaa, nawe unasubiri kwenye benchi chini ya paa la bati huku unatazama daraja. Magari yalikuwa yanapita juu, mashua za mchanga zinapita chini. Nilijiambia, haya ndiyo maisha watu wanayoyasema. Nikageuka nimwambie Bundi. Kichwa kilikuwa kimeshaanguka nyuma, mdomo wazi.

Mama wa samaki aliweka sahani mezani akamwangalia kwa mashaka. "Dada, huyo mzee amelala au amekufa?"

"Amelala. Akifa utajua, hatakoroma."

Alicheka akaniongezea ndimu. Nilikula samaki wangu, nikala na wake. Alikuwa mtamu, nyama inaachia mfupa yenyewe, ngozi imekauka inavunjika menoni. Kitu kitamu namna ile ukikila peke yako unabaki na uchungu kidogo, kwa sababu unataka kusema "onja hapa" na hakuna wa kumwambia. Nilimfungia kichwa cha samaki kwenye karatasi, akakila baadaye hotelini akiwa amesimama, haraka haraka, jinsi alivyokula kazini.

Siku iliyofuata tulipanda boti ya watalii. Nahodha alikuwa na kipaza sauti na maneno kama mvua. Alituonyesha daraja la zamani lenye matao ya mawe, mtaa wa wafinyanzi ambako vyungu vimeanikwa ukingoni vikikauka, na maghala makuukuu ambayo wachoraji wameyageuza turubai. Ukuta mmoja ulikuwa na sura ya mwanamke kutoka msingi hadi paani, macho yake kila moja kubwa kuliko dirisha. Abiria walikimbilia upande mmoja kupiga picha mpaka boti ikainama na nahodha akawagombeza. Mimi sikuweza kuinuka. Bundi alikuwa amelala begani kwangu, mzito, na bega lilikuwa limekufa ganzi tangu kwenye daraja. Nilianza kwa kuona aibu. Halafu nikachoka hata kuona aibu. Nilikaa nikamtazama mwanamke wa ukutani, naye akanitazama, mpaka tukapitana.

Miguu yangu siku zile ilikuwa nyang'anyang'a. Kutembea kwa starehe nako ni kazi, tena kazi ambayo haina mwajiri wa kumlalamikia. Tulipanda ngazi za mnara wa saa, mimi nikafika juu hoi bin taabani, yeye akabaki chini kwenye kivuli, amelala. Tulikwenda kwa wauza matunda, kwa wasusi wa vikapu, kwa mchongaji mmoja mzee aliyetengeneza viboko wadogo wa mti na kuwapaka mafuta. Kila mahali nilikuwa naingia na mume wangu na kutoka na mzigo.

Jambo moja tu sikulitegemea. Asubuhi, kwenye chai, yeye alikuwa anarudi na mimi naamka, na kwa muda mfupi kabla usingizi haujamchukua tulikuwa wote wawili macho, mayai na mkate katikati yetu. Alikuwa ananisimulia mji wake. Nyuma ya soko, aliniambia, wapo waoka mikate wanaofanya kazi vifua wazi, unga umewafanya weupe hadi kope. Daraja usiku linaimba, vyuma vinapoa vinalia. Na wale wachoraji wa kuta hufanya kazi usiku kwa taa, kwa sababu mchana kila mpita njia ana maoni.

"Nimemkuta mmoja anapaka sikio," alisema. "Sikio tu, kubwa kama mlango huo. Nikamshikia ngazi. Tumeongea mpaka mwadhini wa kwanza, jogoo, akawika."

"Ulimshikia ngazi mtu usiyemjua?"

"Alikuwa peke yake, mama watoto. Ngazi inataka mtu wa pili. Na wewe jana umeona nini?"

"Nimeona uliyoyalalia."

Lakini nilimsimulia. Nilimwambia habari za vyungu, za yule mwanamke wa ukutani, za nahodha aliyewafokea abiria mpaka kipaza sauti kikakatika. Alisikiliza mkono umeshika kikombe, akauliza maswali ya mlinzi: mlango wa mnara ni wa mbao au chuma, nani anafunga, wanaacha taa? Tulikuwa tumekuja mji mmoja, kila mtu akapata wake. Nilianza kuzipenda chai zile, na jambo hilo liliniudhi. Mtu aliyekwisha kufunga virago moyoni hapendi kupewa sababu ya kuvifungua.

Kisha tukaenda nyumba ya sanaa. Ilikuwa jengo la zamani la forodha, dari juu sana, sakafu inang'aa, ubaridi mzuri. Nilimwacha Bundi kwenye benchi la katikati mbele ya picha moja kubwa ya mto ukiwa umefurika, mapaa ya nyumba yanachungulia majini, na nikaenda zangu kuzunguka. Nilipenda chumba cha vinyago vya waya. Nilipenda picha ndogo ya mikono miwili inamenya viazi, nikasimama pale nikiona mtu fulani ameangalia mikono kweli. Nilikuwa bado nimesimama niliposikia kelele kule ukumbini.

"Sijalala!"

Nilijua sauti hiyo ni ya nani. Nilikimbia kadiri miguu ilivyokubali. Bundi alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni, kifua mbele, na mbele yake amesimama mlinzi wa ukumbi aliyekuwa amemgusa bega. Mlinzi alimwangalia, akaangalia alivyosimama, uso ukamlegea.

"Hata mimi sijalala, mzee wangu," alisema. "Zamu gani?"

"Usiku. Ghala la saruji. Nimestaafu."

"Saruji! Vumbi lile. Mimi nilianzia kiwanda cha vioo."

Basi, ikawa wamefunguliwa bomba. Walikaa wote wawili kwenye benchi, mgongo kwa picha. Waliongea jinsi ya kulala umesimama, kiwiko juu ya fimbo, goti moja limefungwa. Waliongea habari za mbwa, na tofauti ya mbweko wa kuona mtu na mbweko wa kuona paka. Bundi akasimulia usiku aliodhani anaviziwa na wezi, na alipowakaribia kwa kunyata akakuta ni msimamizi wake mwenyewe amekuja kumkagua, naye msimamizi kwa woga akaruka ndani ya pipa la maji. Alisimama kuonyesha alivyoruka. Mikono ilikuwa hewani, macho yanawaka, sauti anaibadilisha mara ya msimamizi, mara ya pipa. Yule mlinzi alikuwa anajifuta machozi kwa kofia.

Mimi nilisimama kwenye nguzo. Sikuwahi kuisikia hadithi ile. Nilikuwa nimemfulia mtu huyu mashati, nimemzalia, nimemuuguza homa, na sikujua kwamba anaweza kumchekesha mtu mpaka akalia. Niliona wivu, na si wa mwanamke mwingine. Ulikuwa wivu wa mwanamume mwenye kofia na rungu.

Mlinzi alinigundua akainuka. "Shikamoo, mama. Wewe una bahati. Mzee mcheshi namna hii, nyumbani mnacheka kila siku!"

"Marahaba. Kila siku," nilisema.

Tulitoka. Kwenye ngazi za nje alikuwa ameshaanza kupiga miayo.

Siku yetu ya mwisho alifanya kitu kigeni: hakulala. Nilimwona asubuhi anamwomba mhudumu kahawa, halafu kahawa nyingine, halafu anauliza kama birika lote linauzwa. Tulipokuwa tunatembea kando ya mto alikuwa anajimwagia maji usoni kwa viganja. Alijitahidi kutazama vitu, akatoa macho mbele ya kila duka mpaka wenye maduka wakaanza kumwogopa. Nilidhani kijana wetu amempigia simu kumkaripia.

Alasiri tukakaa kwenye ngazi za mawe zinazoshuka mtoni. Nilikuwa nimenunua viazi vya kukaanga na samaki wadogo waliokauka kwa moto, tukaweka sahani katikati. Watoto walikuwa wanaoga chini yetu. Nilijua hapo ndipo, nisiposema hapo nitasemea ndani ya basi mbele ya watu.

"Bundi, nina neno."

"Hata mimi ninalo. Anza wewe, mchana zamu yako."

"Kifungua mimba wako anataka nikakae kwake. Kukaa kabisa. Miaka."

"Najua."

"Unajua? Nani kakwambia?"

Aliutazama mto. "Mimi ndiye niliyemwomba akuite."

Niliweka chini kiazi nilichokuwa nimeshika. Ajabu ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nakwenda, nimeshakata kauli, na bado maneno yale yaliniuma kana kwamba nimetolewa nje usiku na mlango ukafungwa.

"Ulimwomba aje anichukue," nilisema. "Kama kabati."

"Si hivyo, mama watoto."

"Ni vipi, basi? Sema. Leo uko macho."

Alijifuta uso. Alikuwa mtu wa maneno machache na mimi, akayatafuta mojamoja. "Mimi nilikuwa nakuona umelala," alisema. "Miaka yote ile. Siku nikiwahi kuingia hujaamka, nilikuwa nakaa kwenye kiti pale, navua viatu polepole, nakuangalia. Uso wako umetulia. Hakuna kinachokusumbua. Najisemea, haya, mke wangu ana raha, basi kazi hii si bure. Pale mlangoni sikukuangalia. Wewe una haraka, mimi macho yanafumba yenyewe."

"Ehe?"

"Halafu nikastaafu. Ndiyo nikaanza kukuona mchana. Nikaona mtu mwingine. Uso umekunjamana. Ukiinuka unahema, ukikaa unahema. Hucheki. Nikashtuka. Nikajiuliza, mke wangu amepatwa na nini? Ndani ya nyumba hii kipya ni kitu gani? Vyombo ni vilevile, jirani walewale. Kipya ni mimi." Akafungua viganja vyake. "Nikaona bora uende mahali utakaporudi kuwa yule. Nimekunywa kahawa yote ile leo nipate kukwambia nenda, usinionee huruma. Mimi ni wa kukaa peke yangu, nimezoea."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, na mikono yote miwili ilikuwa na mafuta ya samaki. Kwa mwaka mzima mtu huyu alikuwa anazunguka na tochi nyumbani kwangu akiamini kwamba yeye ndiye ugonjwa.

"Wewe mtu wewe," nilisema. "Sura hii ninayo tangu kitinda mimba yuko tumboni. Hii ndiyo sura niliyofulia. Hii ndiyo sura wanayoijua wenye duka, na walimu wa watoto, na wagonjwa. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa unapewa ile nyingine, iliyokwisha kupumzika. Hukuileta wewe hii. Mimi nimechoka, Bundi. Nimechoka tu, kama watu wanavyochoka."

"Kwa hiyo si mimi?"

"Makufuli ni wewe. Makufuli yananiua."

"Nitaacha makufuli."

"Usiape, hutaweza."

Alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka puani, halafu akaweka kiganja machoni na mabega yakamtikisika, na sikuwa na hakika tena kama anacheka. Watoto wale wa majini waliacha kuoga wakatutazama. Nilimsogelea nikakaa karibu naye. Nilikuwa namwonea huruma, na nilikuwa najionea aibu zaidi, kwa sababu mimi sikuwa nimemtazama hata kwa kiasi hicho. Yeye alikaa kwenye kiti akavua viatu polepole. Mimi nilimruka nikifagia. Nilikuwa tayari kumwacha mume ambaye nilikuwa nimekutana naye siku mbili nyuma, kwenye benchi la nyumba ya sanaa, akiongea na mtu mwingine.

"Ile hadithi ya pipa," nilisema baadaye. "Ilikuwaje baada ya kutoka kwenye maji?"

Akaondoa kiganja. "Unataka kuisikia?"

"Nataka kuisikia kabla hujaanguka."

Alinisimulia. Aliigiza sauti zote, ingawa kope zilikuwa zinamshuka, na alipofika pale msimamizi anapotoka amebeba kiatu kimoja nilicheka kwa sauti mpaka kiuno kikanikumbusha umri. Aliacha kusimulia akanitazama, mdomo wazi kidogo, jinsi watu walivyoutazama ule ukuta wenye sura ya mwanamke. Nilimwambia aendelee, aache ushamba.

Halafu nikanawa mikono mtoni, nikatoa simu nikampigia binti yetu. Alipokea haraka. Nyuma yake pacha walikuwa wanalia wote wawili, mmoja anapokea pale mwenzake anapopumzika.

"Mama! Nije kukuchukua lini? Chumba kiko tayari, nimeweka hata pazia."

"Mwanangu, sitakuja kukaa."

Nilimsikia anambembeleza mtoto mmoja, na sauti ilikuwa ya mtu ambaye hajalala siku nyingi. Naijua sauti hiyo. Moyo ulinikatika, kwa sababu hakuna mama anayeweza kumkatalia mwanawe kwa urahisi.

"Mama, mimi nimechoka," alisema.

"Najua. Nasikia. Nitakuja nikusaidie mpaka ushike pumzi, tutafute mtu mzuri wa kukaa nao, nimfundishe mwenyewe. Lakini nitarudi kwangu."

"Lakini Baba mwenyewe ndiye aliyesema uje! Alisema huko nyumbani unateseka. Sasa ni nini, mmegombana?"

"Hatujagombana."

"Basi ni nini? Niambie ukweli, Mama."

Nilimtazama Bundi. Alikuwa amekaa wima kwenye ngazi ya mawe, anapigana na usingizi kwa nguvu zake zote, macho ameyakodoa kwangu asije akakosa kitu.

"Siwezi kuhama sasa hivi, mwanangu," nilisema. "Baba yako bado hajanizoea."